Makatambuga na Mwendo Mrefu

Ukipita Msamvu alfajiri, kabla mabasi ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa hayajaanza kugombea njia, hukosi kuwaona watu wazima wanaokimbia mazoezi. Si wanariadha. Ni baba na mama wa familia, na wengi wao wameshauriwa na daktari wapunguze uzito au presha. Wapo wenye raba nene za mtumba, wapo wenye raba nyepesi za kitambaa, na wapo wachache wanaokimbia na makatambuga, yale ya tairi. Hawa wa mwisho huchekwa. Lakini swali wanalolizusha ni la afya kabisa: je, mguu unahitaji kiatu kinene ili ukimbie salama, hasa mwendo unapokuwa mrefu?

Huko Ulaya na Marekani swali hilo lilivuma sana kuanzia mwaka 2009, Christopher McDougall alipotoa kitabu chake Born to Run. Kinawahusu Watarahumara wa milima ya Meksiko, ambao hukimbia masafa marefu wakiwa na viatu vya wazi vya kufunga kwa kamba, vilivyokatwa katika tairi kuukuu. Yaani, makatambuga. Kiatu ambacho kwetu ni cha mchungaji na mkulima kikawa mtindo, na viwanda vikatoa viatu vyembamba vya bei ya kutisha. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, iliyouza kiatu chenye vidole kama glovu, ilikubali kulipa dola milioni 3.75, bila kukiri kosa, ili kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba iliwaahidi faida za kiafya zisizo na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ukoje? Mwaka 2010 Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliona kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo, ndipo kisigino kishuke. Kumbe wavaa raba nene wengi hutua kwa kisigino, na kishindo hupanda mguuni ghafla. Utafiti huo haukusema kwamba wakimbiao peku hawaumii. Tena mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao hukua bila viatu, wakakuta wengi wao hutua kwa kisigino wanapokimbia mwendo wa kawaida. Na wanaopenda kumtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku, wakumbuke na nusu ya pili ya habari yake: mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hiyo akiwa na viatu, na aliupunguza muda wake kutoka saa 2 na dakika 15 hadi saa 2 na dakika 12.

Jambo lenyewe liko hivi. Raba nene huinua kisigino na kupokea sehemu ya kishindo. Ukivaa kiatu chembamba kazi hiyo haipotei, bali inahamia kwenye shavu la mguu, kwenye kano kubwa ya nyuma ya kisigino, na kwenye mifupa myembamba ya wayo. Misuli huzoea kazi mpya kwa wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Hapo ndipo wengi hunasa: pumzi ipo, misuli inasema twende, kumbe mfupa bado.

Jirani yetu mmoja hapa Msamvu, seremala mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, ametueleza yaliyompata. Alizoea kukimbia kilometa 5 na raba. Zilipochakaa akamwendea fundi viatu.

"Mjomba," fundi akamwambia, "tairi la lori ni zito, halikunjiki. Chukua la gari dogo, na lisiwe na nyaya ndani."

Siku ya kwanza alikimbia kilometa 5 zile zile. Kesho yake mashavu ya miguu yalikaza hata kushuka ngazi kukamshinda. Akaanza upya kwa dakika 10, leo anakimbia, kesho anapumzika, kwa hatua fupi fupi. Baada ya miezi 2 alikuwa amerudi kwenye kilometa 5, na goti lililokuwa likimsumbua likatulia. (Goti la mtu mmoja si utafiti, lakini ni kweli kwamba hatua fupi hupunguza mzigo wa goti.) Hapo akanogewa. Katika wiki 3 akapanda hadi kilometa 14, njia ya Iringa kuelekea bwawa la Mindu na kurudi, na Jumamosi akajaribu miteremko ya Uluguru. Maumivu yakaanza juu ya wayo, nyuma ya kidole cha pili, mahali padogo pa kufunikwa na ncha ya kidole. Alidhani kamba ya kiatu imembana, akaendelea siku 5. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Ya pili, wiki 3 baadaye, ilionyesha mfupa umepata ufa na umeanza kujiunga. Alipumzika wiki 7.

Hakuwa peke yake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wakimbiaji 19 walihamia kwenye viatu vyembamba hatua kwa hatua kwa wiki 10. Vipimo vilionyesha 10 kati yao wamepata uvimbe ndani ya mifupa ya miguu. Katika kundi la wenzao 17 waliobaki na raba za kawaida, alikuwa mmoja.

Basi, misuli ikiuma miguu yote miwili na maumivu yakapungua siku hadi siku, usiogope. Lakini maumivu ya mguu mmoja, mahali pamoja, yanayozidi ukikanyaga au ukipabonyeza, ni ya kusimamisha mazoezi siku hiyo hiyo na kwenda hospitali. Mweleze daktari kwamba ulibadilisha viatu na kuongeza mwendo. Kumeza dawa ya maumivu ili uendelee kukimbia ni kuutafutia mfupa ufa mkubwa zaidi.

Wengine watauliza: mbona akina mama wa Kiluguru hushuka mlimani na ndizi na mboga kichwani, wengine peku, na hawavunjiki? Wao walianza utotoni, na wanatembea, hawakimbii. Mguu uliofungwa ndani ya viatu vya kazini kwa miaka 20 si mguu huo.

Kukimbia peku kabisa hatushauri, na sababu kubwa ni udongo na takataka za kandokando ya barabara zetu. Jeraha dogo la msumari laweza kuleta pepopunda. Lioshwe kwa maji na sabuni, kisha mtu aende zahanati kuuliza habari za chanjo, hasa kama hakumbuki alichanjwa lini. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya unyayo kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, ikaenda kunyonya damu tumboni. Funza nao wapo. Mwenye kisukari asijaribu peku wala kiatu chembamba bila idhini ya daktari wake, kwa sababu miguu yake ikishapata ganzi anaweza kukanyaga msumari akafika nao nyumbani bila kujua. Avae viatu vilivyofunika mguu, na kila jioni akague nyayo zake, au mtu wa nyumbani amkagulie.

Jirani yetu anakimbia tena. Mwendo mrefu wa Jumamosi anavaa raba; makatambuga ni ya siku 2 katikati ya wiki, dakika 20 tu, kwenye njia ya vumbi isiyo na mawe. Anaongeza kilometa 1 kwa wiki, na kila wiki ya nne anapunguza. Mkewe naye ameanza, kwa kutembea.