TAA YA KUTELEZA KWA GARI: MAELEZO KWA WANAOSAFIRI TUNDUMA NA MKOA WA SONGWE

Watumishi wa Serikali, wafanyabiashara na wananchi wote wa Visiwani wanaosafiri kwa gari hadi Tunduma wanafahamishwa juu ya hitilafu moja ambayo mara nyingi hutengenezwa vibaya, nayo ni kuwaka kwa taa yenye picha ya gari na alama mbili za kuteleza chini yake. Katika magari mengi ya Toyota taa hiyo huambatana na herufi TRC au VSC.

Tunduma iko mpakani mwa Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Mvua za huko huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Barabara kuu ni ya lami, lakini hujaa malori yaendayo Zambia na Kongo, na anayeiacha kuingia njia za udongo za Ileje au Momba hukutana na tope zito. Kwa hiyo ni safari ambayo mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza huhitajika kwa dhati.

Mfumo huo, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuingiza katika magari mwaka 1986, hutegemea vihisi vya mwendo, ambavyo mafundi huviita sensa, kimoja kwa kila gurudumu. Kompyuta hulinganisha mwendo wa magurudumu yote manne. Gurudumu linaloendeshwa na injini likizunguka kwa kasi kuliko mengine, kompyuta hulifunga breki kidogo au hupunguza nguvu ya injini. Vihisi hivyo hivyo ndivyo vinavyotumiwa na mfumo wa ABS unaozuia magurudumu kuganda wakati wa kufunga breki.

Taa ikimeta-meta wakati gari linapita kwenye utelezi, mfumo unafanya kazi yake na hakuna la kutengeneza. Ikiwaka moja kwa moja, dereva atazame kwanza kama swichi ya kuuzima mfumo haikubonyezwa. Kuuzima kwa muda ili gari litoke kwenye tope ni halali, kwa kuwa mfumo ukiwa kazini huweza kuinyima injini nguvu na gari likazama zaidi. Alimradi urejeshwe mara tu gari litokapo.

Lisilokubalika ni desturi ya kuinyamazisha taa kwa kuchomoa fyuzi, kukata waya au kuziba dashibodi. Dereva aliyefanyiwa hivyo huenda asijue kwamba ABS nayo imekufa, mpaka atakapofunga breki ghafla kwenye mteremko wa mlima Senjele, Mbozi, mvua ikinyesha na lori likiwa mbele yake.

Uchunguzi uanzie kwenye mambo yasiyo na gharama. Matairi manne yawe ya kipimo kimoja na upepo wa kutosha. Tairi dogo huzunguka haraka kuliko mengine, na kompyuta huweza kudhani kwamba linateleza. Jambo hili hutokea khasa baada ya kufunga tairi la akiba lisilolingana na mengine. Mafuta ya breki yawe kwenye alama yake, na betri isiwe dhaifu. Aidha, iwapo taa ya injini nayo inawaka, injini ndiyo ishughulikiwe kwanza. Magari mengi ya Toyota huuzima mfumo huu yenyewe injini inapopata hitilafu, na wapo wenye magari walionunua sensa mpya bila faida kwa kutolijua hilo.

Hatua inayofuata ni kuisoma kompyuta kwa mashine inayofikia sehemu ya ABS, kwani baadhi ya mashine ndogo husoma injini tu. Kwa Toyota, namba C0200 huelekeza gurudumu la mbele kulia, C0205 la mbele kushoto, C0210 la nyuma kulia na C0215 la nyuma kushoto. Namba hizo hutaja gurudumu, hazisemi kwamba kihisi ndicho kilichokufa. Fundi aendeshe gari polepole huku mwenzake akitazama kwenye mashine mwendo wa magurudumu yote. Linalosoma sifuri, au linalorukaruka, ndilo la kufunguliwa.

Hapo mara nyingi hukutwa tope lililokauka, vumbi la chuma lililonaswa na sumaku ya kihisi, au waya uliokatika karibu na plagi. Kihisi kisafishwe kwa brashi na kitambaa, kisigongwe kwa nyundo. Itazamwe pia ringi ya meno. Magari yetu ya Visiwani, yanayoishi kwenye hewa ya chumvi, huota kutu chini ya ringi hiyo hadi ikapasuka. Dalili yake ni pedeli ya breki kutetemeka mguuni gari linapokaribia kusimama kwenye lami kavu. Ringi iliyopasuka hubadilishwa, kusafisha hakusaidii.

Beringi iliyolegea nayo huyumbisha usomaji wa kihisi. Inapobadilishwa, fundi ahakikishe kama ni ya aina yenye sumaku upande mmoja, kwani upande huo sharti uelekee kihisi. Ikipachikwa kinyume gari litatembea vizuri kabisa, lakini taa haitazimika.

Kazi ikimalizika, kumbukumbu ya hitilafu ifutwe kwa mashine na gari lijaribiwe mahali pa wazi. Taa inapaswa kuwaka ufunguo unapowashwa, kisha kuzimika baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, mwenye gari asilichukue kabla ya fyuzi na balbu kukaguliwa mbele yake.