UCHOVU WA KITI NA DAWA YAKE

Miongoni mwa udhuru unaotolewa na watu wa mjini, hakuna unaosikika mara nyingi kuliko ule wa kukosa wakati. Mtu akiambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu yake limepanda na kwamba hana budi kuushughulisha mwili, hujibu kuwa asubuhi anakimbilia kazini, mchana yumo kazini, na jioni amechoka. Jibu hilo si la uongo, lakini lina kasoro moja. Linachukulia kwamba mazoezi ya viungo ni kazi ya pekee, yenye saa yake, uwanja wake na mavazi yake. Kwa hakika moyo na misuli havitofautishi hatua zilizopigwa uwanjani na hatua zilizopigwa katika njia ya kwenda sokoni.

Chukua mfano wa karani akaaye Nyamirambo, mjini Kigali, na ambaye ofisi yake iko katikati ya mji. Hupanda pikipiki mlangoni pake, akashuka mlangoni pa ofisi, akaingia katika lifti, akaketi. Chakula cha mchana huletewa mezani. Jioni hurudi kwa pikipiki, akaketi tena mbele ya televisheni hadi usiku. Akijumlisha dakika alizotembea kwa miguu yake tangu kupambazuke, aghalabu hazifiki nusu saa. Na bado amechoka! Shingo inamuuma, mgongo umekakamaa, miguu imekufa ganzi. Huo si uchovu wa kazi ya viungo, bali ni uchovu wa kiti, nao hautibiwi kwa kiti kingine.

Madhara ya kuketi mno yalianza kuonekana wazi kutokana na uchunguzi uliofanywa Uingereza. Baada ya vita vya pili vya dunia, daktari Jeremy Morris na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji wa London. Dereva na utingo walifanya kazi katika basi moja, kwa saa zile zile. Tofauti yao ilikuwa kwamba dereva aliketi mchana kutwa, naye utingo alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1953, yalionyesha kwamba matingo walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Vivyo hivyo, watarishi wa posta waliosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na hali bora kuliko makarani walioketi. Matingo hao hawakuwa wanariadha, wala hawakutenga saa ya mazoezi. Kazi yao yenyewe ndiyo iliyokuwa mazoezi.

Je, mtu anahitaji kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu. Linaongeza kwamba walau siku mbili kwa wiki misuli ipewe kazi ya nguvu, kama vile kuinua na kubeba. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Dakika 150 zikigawanywa kwa siku tano za kazi, ni dakika 30 kwa siku. Zamani ilishauriwa kwamba mwendo usipungue dakika 10 mfululizo. Mwongozo wa 2020 umeondoa sharti hilo. Hata dakika tatu za kupanda ngazi zinahesabiwa. Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba.

Basi na tutazame ni wapi dakika hizo zinaweza kupatikana bila ya kuiba wakati wa kazi.

Kwanza, ni njiani. Anayepanda basi na ashuke kituo kimoja au viwili kabla ya mwisho wa safari. Anayepanda pikipiki na amwambie dereva amshushe chini ya kilima badala ya juu. Katika mji wa vilima kama Kigali, dakika 10 za kupanda mteremko huamsha moyo kuliko dakika nyingi za tambarare. Asubuhi dakika 15 na jioni dakika 15, hesabu ya siku imekwisha timia.

Pili, ni ofisini. Ngazi zitumiwe badala ya lifti. Ujumbe wa chumba cha pili upelekwe kwa miguu badala ya kupigiwa simu. Kila baada ya nusu saa au saa moja ya kuketi, mtu ainuke, ajinyooshe, atembee hadi dirishani, kisha arejee kazini.

Tatu, ni nyumbani, na hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa haki. Katika nyumba nyingi yuko mtu ambaye hapungukiwi na mwendo hata kidogo. Mama aamkaye alfajiri, akateka maji, akafua, akapiga deki, akampakata mtoto mgongoni na kwenda sokoni, hahitaji kuhimizwa kutembea. Anachohitaji ni pumziko. Dumu la lita 20 za maji lina uzito wa kilo 20. Bwana aliyeketi kutwa nzima akilibeba yeye dumu hilo jioni, akikunja magoti na kuunyoosha mgongo wakati wa kuliinua, mwili wake utapata ile kazi ya nguvu inayoshauriwa, na mwenzake atapata nafasi ya kuketi. Hakuna haya katika jambo hilo. Haya ni kumwona mmoja akidhoofika kwa kubeba na mwingine akidhoofika kwa kuketi, chini ya paa moja. Vijana nao, wa kike na wa kiume, wagawiwe kazi za ua kwa zamu.

Wakaao Kigali wana nafasi nyingine. Tangu mwaka 2016 serikali ya mji hufunga barabara kadhaa asubuhi ya baadhi ya Jumapili, magari yasipite, watu wakatembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli pamoja. Katika mikusanyiko hiyo wahudumu wa afya huwapima watu shinikizo la damu na sukari. Ni vema familia nzima ihudhurie.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Mwenye maradhi ya moyo, mwenye kisukari, au aliyekaa miaka mingi bila ya kujishughulisha, aanze polepole baada ya kushauriana na daktari. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame mara moja na kwenda hospitali.

Asiyejua aanzie wapi na achague jambo moja tu kwa wiki ya kwanza: kituo kimoja cha basi, ngazi za ofisi, au dumu la maji la jioni. Likishazoeleka, aongeze la pili.