Fahamu: Kabla ya kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani
Mkenya anayekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani anaingia chini ya kafala, mfumo unaokifunga kibali chake cha kuishi kwa mwajiri mmoja. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyowarahisishia wafanyakazi wengi kubadilisha mwajiri, hayakuwagusa wa majumbani. Kwa hiyo anza na mkataba, sanduku baadaye. Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, usitie saini usichokielewa, na waachie jamaa zako nakala za mkataba, pasipoti na viza. Pasipoti yenyewe ni yako. Sheria za Saudia zinamkataza mwajiri kuishika. Namba ya ubalozi wa Kenya mjini Riyadh ikariri kwa moyo, maana simu inaweza kunyang'anywa.