Barua ya barabara si ya kutupa



Barua ya halmashauri ikija kuhusu kujenga upya barabara, wengi wetu tunaitupa. Mimi kama muuguzi nakuomba uisome, maana inagusa presha na sukari yako.

Watu wenye asili ya Afrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya magonjwa hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya baiskeli kwa siku tano inatosha, bila kulipia gym.

Lakini nani atapanda baiskeli akiogopa mabasi? Njia ya baiskeli namba 7 ilipita Tooting mwaka 2010, sehemu kubwa ikiwa rangi ya buluu tu. Mwaka 2020 halmashauri ya Wandsworth ilijaribu kuzuia magari yanayokatiza mitaa ya Tooting. Malalamiko yakazidi, ikasitisha baada ya wiki chache. Waliosema walisikika. Je, wewe ulisema?

Barua ijayo ijibu. Taja njia panda unayoiogopa na mahali unaposhindwa kuvuka na mtoto.

Ukianza kuendesha:

- Una ugonjwa wa moyo, presha ya juu au unachoma insulini? Muone GP kwanza. Wa insulini, beba kitu cha sukari.
- Usiku washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ni sheria.
- Vaa helmeti, hata kama sheria hailazimishi.

Kinga ni bora kuliko tiba.