Mto Hupimwa Januari

Mwezi wa Mei, mito ya Mlima Elgon kama Kuywa na Kibisi huteremka kwa kishindo, na mkazi wa Kapsokwony ana haki ya kudhani kwamba maji hapa hayaishi. Mtaalamu wa maji hababaishwi na Mei. Hungoja Januari, mvua ikiwa imekata kwa wiki kadhaa, ndipo apime.

Maji yanayopita mtoni siku hiyo hayakunyesha jana. Ni mvua ya miezi iliyopita, iliyozama kwenye udongo wa volkano na nyufa za miamba, ikachuruzika polepole hadi kwenye chemchemi. Msitu ndio unaoifungulia njia: majani huvunja nguvu ya matone, mizizi huacha ardhi ikiwa na vitundu vya kumeza maji. Mteremko ukifyekwa na kulimwa hadi ukingoni, mvua ni ile ile, ila huporomoka juu juu ikibeba udongo. Nzoia, unaopokea maji ya Kuywa, huyafikisha matope hayo Budalang'i wakati wa mafuriko. Kiangazi kikifika, akiba mlimani ni haba.

Na Elgon haumwagi upande mmoja. Suam hutoka kwenye kasoko, hugeuka kuwa Turkwel, hujaza bwawa la umeme la Pokot Magharibi, kisha huelekea Ziwa Turkana. Turkana ilipokaukiwa misimu mfululizo kati ya 2020 na 2022, mvua ya mlima huu wa mbali bado ilikuwa na kazi kule.

Sheria ya Maji ya 2016 inataka mto uachiwe kwanza maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto wenyewe, ndipo wengine wagawane. Tatizo ni kwamba vitunguu na kabeji huhitaji kumwagiliwa wakati ule ule mto unapokonda, na pampu hunguruma zote pamoja. Kwa maoni yangu, vyama vya watumiaji wa maji vipange zamu Novemba, kabla ya ugomvi. Mikaratusi nayo, ambayo waziri John Michuki aliagiza mwaka 2009 ing'olewe kwenye maeneo ya maji, ingali imejipanga kwenye kingo nyingi ikinywa.

Mradi mpya wa bomba ukiletwa kwenye baraza, ulizeni mtiririko uliotumika kuukadiria ulipimwa mwezi gani.