Mkono Uliojua Asichokijua Mwenyewe

Mwanafunzi wa chuoni aliyeihifadhi sura ya Yasin barabara, ukimkatiza katikati ya aya na kumwuliza neno lifuatalo, aghalabu husita, akarudi mwanzo wa aya, akaisoma mfululizo, na neno lile likamjia ulimini kabla hajalitafuta. Kulijua analijua; ila halipatikani kwa kuulizwa.

Wataalamu wa ubongo walifunguliwa njia ya kuyaelewa mambo ya namna hii na msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa, akamwondolea sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, pamoja na sehemu kubwa ya ile iitwayo hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza kuhifadhi kumbukumbu ya tukio jipya. Ndipo Brenda Milner, mtaalamu wa saikolojia wa Montreal, alipompa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake kiooni tu, kazi inayomtatiza kila mtu, kwa kuwa kioo hupindua mielekeo. Kwa muda wa siku tatu mkono ulizidi kunyooka na makosa yakapungua, ilhali kila siku kazi ile ilikuwa ngeni kwake, kana kwamba hajapata kuiona.

Kumbe hazina ni mbili: moja ya yale tuwezayo kuyasimulia, na nyingine ya yale tuyatendayo. Hii ya pili, ambayo hutegemea vifundo vilivyo ndani kabisa ya ubongo pamoja na ubongo wa nyuma, hujazwa polepole, kwa kurudia na kurudia, mpaka akili ikaachwa huru kushughulikia mengine. Mwalimu wa chuo alipotuamuru turudie alikuwa na haki, ingawa bakora yake siitetei.

Katika maradhi ya Parkinson, chembe zinazovipelekea vifundo hivyo dopamini hufa, na mzee aliyetembea miaka sitini bila ya kuiwazia miguu yake hujikuta amekwama mlangoni, nyayo zimeganda. Mchoree mistari ya kukingama sakafuni, umwambie aivuke mmoja mmoja, na mara nyingi huenda, kwa kuwa sasa kila hatua huiamuru mwenyewe, kama mtoto anayejifunza kutembea.