Kuandika Maelezo ya Zana ya Kuorodhesha Vifaa vya Nyumbani kwa Ajili ya Wakala wa Akili Bandia

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi inavyopasa kuandika maelezo ya zana moja ndogo: ile inayompa wakala wa akili bandia orodha ya vifaa vya umeme vilivyounganishwa nyumbani. Wakala ni programu inayopokea maneno ya mtu, ikaamua la kufanya, kisha ikaziita programu nyingine zitende. Hizo zinazoitwa ndizo zana. Neno kifaa litumike kwa taa, kufuli, plagi na vihisio tu; mwenye kuchanganya zana na kifaa hataelewa yafuatayo.

Wakala haioni nyumba, wala haijui zana imeundwaje ndani. Katika Model Context Protocol, itifaki iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi wa Novemba 2024, inachopewa ni jina la zana, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na muundo wa data inayotakiwa. Ndiyo maana sentensi iliyoandikwa ovyo huleta hasara ileile inayoletwa na programu mbovu, na mwanaisimu ana la kusema hapa.

Mfano unaofaa ni Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo tangu toleo la Februari 2025 inaweza kuwahudumia mawakala kwa itifaki hiyo. Humo kila kipengele kina kitambulisho, kama «light.jikoni», kinachotaja kwanza aina, kisha jina, kina pia hali yake ya wakati huo. Kifaa kimoja huweza kutoa vipengele kadhaa: plagi moja itatoa swichi na pia kipimo cha umeme unaotumika. Basi maelezo yaseme wazi kama mstari mmoja wa orodha ni kifaa au ni kipengele, la sivyo hesabu zote zitapotoka.

Jambo zito zaidi ni hali. Kihisio cha mlango katika programu hiyo huandika «on» mlango ukiwa wazi, na «off» ukiwa umefungwa. Wakala isiyoambiwa hayo yaweza kudhani kwamba «off» ni kihisio kilichozimwa. Kufuli nalo ni kipengele kingine, chenye hali zake: «locked» na «unlocked». Hapo Kiswahili kinaongeza tatizo lake, kwani kitenzi funga hubeba maana mbili, kuurudisha mlango mahali pake na kuutia ufunguo. Mwenye nyumba anayeuliza usiku, «Mlango umefungwa?», huenda akajibiwa ndiyo kwa kuwa kihisio kimesema «off», kumbe kufuli li wazi, naye akalala. Vilevile hali «unavailable» maana yake ni kwamba mawasiliano na kifaa yamekatika. Kuitafsiri kuwa kimezimwa ni kumdanganya mtu.

Maelezo yanayotosha yangekuwa mathalani hivi: «Hurudisha orodha ya vipengele vilivyoruhusiwa, kila kimoja na kitambulisho, jina, chumba, aina na hali ya sasa. Haibadilishi hali ya kifaa chochote. Iitwe kabla ya kutoa amri, ikiwa kifaa kimetajwa bila chumba. Kihisio cha mlango: on ni wazi, off ni umerudishwa, hakionyeshi kama umetiwa ufunguo.» Sentensi ya pili ni fupi, lakini ndiyo inayoiruhusu wakala kuita zana bila hofu ya kuzima kitu.

Tatizo jingine ni la ngeli. Mlango na milango hutofautiana, bali taa ni taa, iwe moja au kumi. Amri «Zima taa» haina idadi ndani yake. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambamo watu husema manyumba, msemaji aweza kusema mataa na utata ukaondoka. Kiswahili sanifu hakina njia hiyo, kinategemea upatanisho wa maneno mengine, kama katika «taa zote». Kwa hiyo maelezo yaiagize wakala kusoma orodha kwanza, na ikikuta taa kadhaa zinazowaka, imwulize mtu anataka ipi.

Yabaki mambo mawili ya haraka. Nyumba yenye vipengele mamia haifai kuorodheshwa yote kila mara, kwa hiyo zana ipokee chumba au aina kama kichujio, na maelezo yataje majina ya vyumba yanayokubaliwa. Pia katika Home Assistant mwenye nyumba ndiye anayechagua vipengele vitakavyoonekana na wakala. Maelezo yasiposema hivyo, wakala itajibu kwamba nyumba haina kamera, ilhali kamera ipo ila imefichwa kwa makusudi. Jibu sahihi hapo ni kwamba kamera haimo katika orodha iliyopewa.